Kusikiliza Kihami Chini ya Ngurumo: Kutambua Udhaifu wa Mitambo ya Umeme Katika Ufuo wa Kisumu

Kihami cha umeme hakifi kwa siku moja. Kebo iliyozikwa kando ya barabara, transfoma ya kituo na jenereta ya bwawa hupitia kipindi kirefu cha cheche ndogo za ndani kabla ya kile kishindo kinachouzima mtaa. Cheche hizo huruka ndani ya kiputo cha hewa, kwenye ufa au juu ya uso uliochafuka, bila kukivuka kihami chote kutoka kwenye waya hadi ardhini. Katika mhadhara huu zinaitwa cheche nusu; kwenye ripoti za wahandisi huandikwa kwa herufi mbili, PD. Moja hudumu nanosekunde chache na chaji yake hupimwa kwa pikokulombi, yaani sehemu za trilioni za kulombi. Udogo huo haupunguzi madhara, kwa sababu cheche hurudi kila wimbi la umeme linapopanda na kushuka, usiku na mchana, miezi na miaka, zikila plastiki au karatasi kidogo kidogo. Fundi anayezisikia mapema hubadilisha kiungo kimoja cha kebo siku aliyoipanga mwenyewe. Asiyezisikia hupata habari stima ikishapotea.

Ugumu ni kwamba cheche nusu husikika mahali penye kelele nyingi za umeme, na ni sehemu chache za dunia zenye kelele za asili kama pwani ya Ziwa Victoria. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, hukutana na pepo za mashariki, hupandishwa na miinuko ya Nandi na Kericho, na alasiri mawingu ya radi husimama juu ya uwanda wa Kano. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na radi hupiga juu ya maji hadi alfajiri. Tororo, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, palihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976. Kisumu ipo katika ukanda huohuo. Radi hiyohiyo inayokipiga kihami na kukidhoofisha ndiyo inayokiziba masikio chombo cha kukipima. Vifaa na vitabu vingi vya kazi hii vimetungwa kwa nchi zenye dhoruba chache. Anayevitumia Kisumu bila kuvizoesha mazingira ya ziwa ataona ubovu usiokuwapo na kuupita ule uliopo.

Mitambo inayohusika si michache. Umeme wa Sondu Miriu, megawati 60 tangu 2008, na wa Sang'oro, megawati 21 tangu 2012, hufika Kisumu kwa laini ya kilovolti 132. Laini ya kilovolti 220 iliyojengwa na KETRACO, kampuni ya taifa ya kusafirisha umeme, kutoka Olkaria kupitia Lessos nayo huishia hapa. Kutoka vituoni umeme hushuka hadi kilovolti 33 na 11, kisha husambaa kwenda bandarini, uwanja wa ndege, hospitali, viwanda vya sukari vya Kibos, Chemelil na Muhoroni, na mashamba ya mpunga ya Ahero na Kano Magharibi yanayotegemea maji ya kupampu. Kila hatua ina vihami, na kila aina ya kihami huharibika kwa namna yake.

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini kiputo ni hatari. Kebo ya kilovolti 33 ina takriban kilovolti 19 kati ya kila fezi na ardhi, na unene wa plastiki yake ni kama milimita 8. Kwenye kilele cha wimbi, kila milimita ya plastiki hubeba wastani wa kilovolti 3.4, mzigo ambao plastiki hiyo huubeba bila taabu. Lakini ikiwa ndani yake pamebaki kiputo bapa cha hewa, nguvu ya umeme ndani ya kiputo huongezeka kwa kiasi kinachotokana na tabia ya plastiki, yaani mara 2.3, na kufikia karibu kilovolti 8 kwa milimita. Hewa ya unene wa milimita moja huvunjika kwa takriban kilovolti 4.5. Plastiki inabaki salama huku hewa iliyomo ndani yake ikiwaka. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti inayohitajika kuivunja hewa hutegemea zao la shinikizo lake na upana wa nafasi, na kwamba chini ya takriban volti 330 hewa haivunjiki hata nafasi ikiwa nyembamba kiasi gani.

Kanuni hiyohiyo ya Paschen ina neno kuhusu Kisumu. Uso wa Ziwa Victoria upo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina shinikizo pungufu kwa takriban asilimia 13 ikilinganishwa na ya Mombasa. Viputo vilivyofungwa ndani ya kebo havijali mwinuko huo, kwa sababu shinikizo lake liliwekwa kiwandani. Vinavyojali ni vihami vya nje: vigae vya juu ya nguzo, vichwa vya kebo, pembe kali za vyuma. Viwango vya kimataifa huanza kudai marekebisho ya vihami vya nje kuanzia mita 1,000, na Kisumu imeuvuka mstari huo kidogo. Tofauti yenyewe ni ndogo. Uzito wake huonekana inapokutana na uchafu: masizi ya miwa iliyochomwa kabla ya kukatwa, vumbi la kiangazi, usubi wa ziwani unaovutwa na taa usiku na kunaswa kwenye utando wa buibui, na kinyesi cha korongo wakubwa wanaotua juu ya nguzo. Uchafu mkavu hauna neno. Ukilowa kwa umande hupitisha mkondo mdogo, mkondo hukausha baadhi ya sehemu, na cheche huruka juu ya kila ukanda uliokauka.

Chini ya ardhi adui ni maji. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na kila mzunguko huvuta viungo vya kebo. Maji yakiingia, plastiki huota ndani yake mishipa myembamba yenye matawi ambayo wahandisi huiita miti ya maji. Hapa pana mtego ambao haufai kufichwa: mti wa maji hautoi cheche nusu. Hukua kimya, na huanza kucheza cheche pale tu unapogeuka kuwa mti wa umeme, wakati ambapo muda uliobaki unaweza kuwa mfupi sana. Kwa kebo zilizolala kwenye maji, hasa zile zilizofunikwa ziwa lilipofurika mwaka 2020, kusikiliza cheche peke yake hakutoshi. Zinahitaji pia kipimo cha upotevu wa nishati katika kihami, kinachofanywa kebo ikiwa imezimwa na kulishwa umeme wa masafa ya chini sana, hezi 0.1. Mkutano wowote wa wahandisi unaojadili PD bila kuutaja upungufu huu umeacha nusu ya kazi.

Kelele zenyewe ni za makundi manne, na kila moja ina tabia inayoiumbua.

La kwanza ni kelele ya masafa yasiyobadilika: vituo vya redio vya FM kati ya megahezi 87.5 na 108, redio za masafa ya kati na mafupi, na minara ya simu katika masafa ya juu zaidi. Hizi ndizo rahisi kuliko zote. Masafa yake yanajulikana, hayahami, na kichujio huyakata. La pili ni mnong'ono wa chombo chenyewe, unaotokana na joto la vifaa vyake na kusambaa sawasawa katika masafa yote. Huu hupunguzwa kwa kurudia kipimo mara nyingi na kuchukua wastani.

Kundi la tatu ni mapigo yanayojirudia kwa mpangilio, na hapa mji wa Kisumu una yake. Inveta za paneli za jua na za mota za pampu huwasha na kuzima swichi zake maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara hutupa pigo kali kwenye nyaya. Mashine za kuchomelea za mafundi wa jua kali wa Kibuye huwaka na kuzimika kwa kufuata wimbi lilelile la hezi 50 linalowasha cheche nusu. Kundi hili ndilo hudanganya zaidi, kwa sababu linaiga mpangilio wa ubovu. Kundi la nne ni mapigo yasiyo na ratiba: radi, kufungwa na kufunguliwa kwa swichi kubwa, na mguso uliolegea kwenye nguzo ya mbali. Pigo moja la radi huwa na nguvu zaidi katika masafa ya kilohezi 5 hadi 10, lakini mkia wake hupanda hadi megahezi nyingi, katikati kabisa ya masafa ambayo vihisi vya kebo husikiliza. Dhoruba iliyo upande wa Nandi inaweza kukijaza kioo cha chombo kilichopo Mamboleo, kitongoji cha Kisumu, kabla tone la mvua halijaanguka mjini.

Maabara hukwepa yote haya kwa kuifunga sampuli ndani ya chumba cha chuma. Hapo kebo mpya ya kilovolti 33 hujaribiwa kwa volti mara 1.73 ya ile ya kazi, na haitakiwi kuonyesha cheche yoyote kwenye chombo chenye uwezo wa kuona pikokulombi 10. Kiwango cha kimataifa kinachoongoza vipimo hivyo, IEC 60270, husikiliza masafa ya chini ya megahezi moja. Kwenye kituo kilicho wazi, masafa hayohayo huweza kubeba kelele ya mamia ya pikokulombi. Anayepeleka kanuni ya maabara uwanjani bila kuibadili anajitafutia hasara.

Dawa ya kwanza ni kupanda juu katika masafa. Cheche nusu ni fupi mno, kwa hiyo nishati yake hufika mbali, hadi mamia ya megahezi, ilhali radi ya mbali huwa imenyauka huko. Kihisi chenye umbo la pete kinachokumbatia waya wa ardhi wa kebo husikiliza kati ya kilohezi 100 na megahezi 20 au 30. Katika kabati za chuma za swichi, cheche hutuma pigo dogo linalopenya kwenye maungio na kukimbia juu ya uso wa nje wa chuma. Njia ya kulipima kwa kuugusisha mlango kifaa cha mkononi iligunduliwa Uingereza katika miaka ya 1970. Antena za transfoma na za mitambo yenye kihami cha gesi husikiliza juu zaidi, kuanzia megahezi 300. Gharama yake ni kwamba masafa ya juu hufa haraka ndani ya kebo. Kinachosikika vizuri mita 50 kutoka kwenye kiungo huenda kisisikike kabisa kilomita moja mbele. Kihisi cha masafa ya juu ni cha kusogezwa karibu na kinachoshukiwa. Hakitoshi kuwekwa upande mmoja wa kebo na kuachiwa kazi yote.

Dawa ya pili, na kwa maoni ya mhadhara huu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni saa ya umeme wenyewe. Wimbi la hezi 50 hukamilika kila milisekunde 20. Cheche za kiputo huonekana volti inapopanda kwa kasi, kuanzia karibu na sifuri hadi kilele, kisha hurudi nusu wimbi baadaye upande wa pili, kwa makundi mawili yanayofanana. Cheche za ncha kali hewani huanza bondeni mwa wimbi, pale waya ulipo hasi kabisa, na hukaa upande mmoja. Cheche za uso mchafu huwa nzito upande mmoja kuliko mwingine. Radi haina saa. Mapigo yake yakichorwa juu ya picha ya wimbi hutawanyika kila pembe bila kupendelea. Dakika moja ina mizunguko 3,000, na mizunguko hiyo ikirundikwa pamoja, kinachofuata saa hukua huku kisichofuata kikibaki ukungu. Mnong'ono wa nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha 3,000, yaani karibu mara 55. Ni kama sokoni Kibuye siku ya Jumapili: mnadi anayerudia mwito uleule kwa mwendo uleule hutambulika hata pasipo kupaza sauti kuwashinda wengine.

Mashine za kuchomelea hazitawanyiki hivyo, kwa kuwa zina saa ileile. Hizo huumbuliwa na kalenda ya binadamu. Fundi hupumzika kula, hufunga jioni, na Jumapili huenda kanisani. Kiputo hakipumziki. Alama inayotoweka saa za mapumziko na kurudi na wafanyakazi inastahili kutiliwa shaka kama kelele. Kwa inveta za jua kipimo ni usiku. Kipimo kimoja cha dakika kumi, hata kwa chombo cha bei kubwa, hakiwezi kufanya uamuzi huu. Kinachohitajika ni kipimo cha saa 24.

Mwelekeo nao husema. Vihisi viwili vikiwekwa katika ncha mbili za njia moja, pigo linalotoka nje ya mtambo hukifikia cha nje kwanza na pigo la ndani hukifikia cha ndani kwanza. Nchini Kanada, Ontario Hydro ilianza katika miaka ya 1970 kutumia jozi za kapasita ndogo za pikofaradi 80 kwenye jenereta za maji kwa mantiki hiyo, ili kelele za gridi zitenganishwe na cheche za jenereta mtambo ukiwa kazini. Kituo chochote cha bonde la Sondu kinafaa mpango wa namna hiyo, maana jenereta zake zimefungwa kwenye gridi inayopigwa radi mwaka mzima. Radi huwa na alama nyingine pia: huzikuta fezi zote tatu kwa ukubwa unaokaribiana, ilhali cheche ya kiungo kibovu huwa kubwa katika fezi yake na hafifu katika nyingine mbili.

Umbali hupatikana kwa kuhesabu muda. Pigo ndani ya kebo ya plastiki husafiri takriban mita 160 kwa maikrosekunde. Tuseme kebo ina urefu wa mita 2,000 na kihisi kipo Kisumu mjini. Cheche moja hutuma mapigo pande mbili. Moja huja moja kwa moja, jingine huenda ncha ya mbali, hugonga na kurudi. La pili likichelewa maikrosekunde 10, njia ya ziada ni mita 1,600, na nusu yake, mita 800, ndiyo umbali wa ubovu kutoka ncha ya mbali. Shimo litachimbwa mita 1,200 kutoka kwenye kihisi. Pigo la kelele haliwi na mwangwi unaolingana na urefu wa kebo, kwa hiyo hesabu hii hutoa mahali pa ubovu na ushahidi wa kuwapo kwake kwa wakati mmoja.

Baada ya hayo hufuata hisabati ya kusafisha. Vijiwimbi vya Ingrid Daubechies, vilivyochapishwa 1988, hugawa ishara katika vipande vifupi kwa wakati na masafa. Vipande vidogo kuliko kizingiti hufutwa na vilivyobaki huunganishwa tena. Kizingiti cha David Donoho na Iain Johnstone cha 1994 ni maarufu: kwa sampuli 10,000 huwa kama mara 4.3 ya ukubwa wa kawaida wa kelele. Njia hii hufanya kazi nzuri dhidi ya mnong'ono ulio sawasawa. Dhidi ya radi haifui dafu, kwa sababu radi si mnong'ono. Ni pigo kubwa kuliko kizingiti chochote na litavuka likiwa zima. Programu za kujifunza kwa mifano nazo zina udhaifu huohuo zikifunzwa kwa kelele za Ulaya na kupelekwa Kisumu. Kompyuta hufika baada ya kihisi kuwekwa mahali pazuri na saa kufaa, haifiki badala yake.

Pale umeme unapokuwa na kelele kupita kiasi, ubovu usakwe kwa ushahidi usio wa umeme. Mafuta ya transfoma yanayopigwa na cheche nusu hutoa hasa hidrojeni. Yanayopigwa na cheche kubwa zenye joto kali hutoa asetilini. Pembetatu aliyoibuni Michel Duval wa Kanada mwaka 1974 husaidia kuzisoma gesi hizo. Bomba la sindano lililojaa mafuta halisikii radi wala redio. Sauti nayo ni ushahidi: kihisi cha kilohezi 40 husikia cheche za vigae vichafu kutoka chini ya nguzo, ingawa popo na nyenje wa jioni hulia katika masafa hayohayo na mvua huharibu kila kitu. Ndani ya mafuta sauti husafiri takriban mita 1,400 kwa sekunde, kwa hiyo pigo la umeme likifuatwa na sauti baada ya milisekunde moja, cheche ipo mita 1.4 kutoka kwenye kihisi. Kelele inayoweza kuzalisha umeme na sauti kwa mpishano huohuo, mara mia mfululizo, ni nadra mno.

Yote haya huamua saa ya kazi katika ufuo huu. Alasiri haifai, hasa Machi hadi Mei. Usiku wa manane ziwa lenyewe linanguruma. Saa bora ni asubuhi, baada ya dhoruba za ziwani kutulia na kabla ya zile za nchi kavu kuumuka. Alfajiri ina faida ya ziada: unyevu upo juu, na vigae vyenye masizi huzungumza wakati huo kuliko saa yoyote. Kipimo cha vigae kifanywe umande ukiwapo. Kipimo cha kebo na transfoma kifuate nyuso za nje zikishakauka, ili cheche za juu zisifunike za ndani. Baada ya mvua kubwa vigae huwa vimeoshwa, na ukimya wake siku hiyo si ushahidi wa uzima.

Jambo lisilohitaji fedha nyingi ndilo linalokosekana mara nyingi: rekodi ya kelele ya mahali. Kituo kinachojua kelele zake za kawaida, kwa saa na kwa majira, hutambua alama mpya siku inapoingia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno na wa uhandisi wa Kisumu National Polytechnic wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa pete ya waya wa ardhi, chombo cha kuchorea mawimbi na daftari, bila kuzima kebo na bila kuufungua waya wa ardhi hata mara moja, kwani waya huo ukifunguliwa kebo ikiwa hai unaua. Kila kituo cha Kisumu, Homa Bay, Siaya na Bondo kipimwe kwa saa 24 mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kabla ya masika na mwezi Septemba kabla ya vuli, na matokeo yahifadhiwe mahali ambapo fundi wa zamu anaweza kuyasoma.